Kitanda Angani, Benchi Relini

Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam au Nairobi hadi Tokyo hakuna, na hiyo ni heri yako, maana aliyelipia daraja la biashara hana haraka ya kufika. Utapitia Addis Ababa, Doha au Dubai. Huko kuna launji, na launji ina bafu, supu, keki na magazeti ya lugha usizozijua. Oga hata kama ulioga nyumbani. Kula hata kama umeshiba. Kisha jisogeze kwenye kioo uwatazame wenzako wa kajamba nani wakipanga foleni na watoto mgongoni. Usiwacheke: uwanja wa ndege wa Narita mtafika dakika ile ile.

Mwongozo huu ni wa msafiri wa aina yake. Ni yule anayelipa mamilioni ili alale angani miguu imenyooka, halafu akishatua anaanza kuulizia treni ya dizeli yenye behewa moja, inayopita mara chache kwa siku, ili akae dirishani kutazama majani yanayokufa. Wapo, na mimi nawaheshimu kama ninavyowaheshimu wanaokwenda harusini kwa ajili ya pilau.

Tuanze na ubalozi, kuomba viza. Pamoja na taarifa ya benki, utatakiwa kujaza ratiba ya ukaaji wako siku baada ya siku: tarehe, shughuli, mahali pa kulala. Ile lugha yetu ya "tutajua huko huko" haina nafasi kwenye fomu hiyo. Andika ukweli, ingawa utaonekana umeutunga: Jumanne, kupanda treni kwenda Koide, Jumatano, kupanda treni kutoka Koide. Afisa akikuuliza Koide kuna nini, mjibu kwa adabu kwamba kuna treni ya kurudi.

Siku ya safari, ukiingia ndani ya ndege, pinda kushoto. Pinda polepole, nyuma yako kuna watu wanaopinda kulia na wana haki ya kujua. Mhudumu atakuletea taulo la moto, futia mikono ulirudishe. Atakuletea na kinywaji kabla ndege haijaondoka. Kikatae kidogo, kisha kipokee. Kitanda hutandazwa kwa kitufe chenye picha ya mtu aliyelala chali. Kando yake kuna kitufe cha kukanda mgongo, na kingine cha kumwita mhudumu, na vyote vitatu vimepangwa ili mgeni akosee kwanza. Mhudumu akitokea na wewe hukukusudia kumwita, omba maji. Ndivyo wafanyavyo wazoefu.

Picha ya miguu yako ikiwa imenyooshwa ni ya lazima. Bila hiyo safari haijaanza. Kile kifuko cha mswaki na soksi usikiache. Soksi zile ndizo kitu pekee cha daraja la biashara kitakachokufaa Japani, kwa sababu kwenye nyumba za wageni za kienyeji viatu huvuliwa mlangoni, na soksi yenye tundu la dole gumba haina pa kujificha.

Majani nayo yana ratiba. Rangi huanzia milima ya Daisetsuzan, Hokkaido, katikati ya Septemba, zikateremka kusini taratibu hadi kufika Kyoto kwenye mwisho wa Novemba, na kampuni za hali ya hewa hutoa utabiri wake wilaya kwa wilaya. Kyoto ni pazuri, ila utaona zaidi visogo vya watalii kuliko majani. Wewe lenga mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, mkoa wa Fukushima, reli ya Tadami.

Kabla ya tiketi, niweke utani kando kidogo. Pasi ya siku saba ya Japan Rail Pass iliyokuwa yen 29,650 ilipanda Oktoba 2023 hadi yen 50,000. Anayekimbia kutoka Tokyo hadi Hiroshima, Fukuoka na kurudi ndani ya wiki huenda akairudisha fedha yake. Wewe unayekwenda kukaa zaidi ya saa nne kwenye treni ambayo nauli yake haifiki yen 3,000 hutairudisha. Nunua tiketi moja moja, au pasi ya eneo. Ila jihadhari na mipaka: shirika la reli la taifa lilivunjwa mwaka 1987, likazaa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo, kila moja ya abiria na eneo lake, na pasi ya kampuni ya mashariki ukiivusha kwenda magharibi inabaki kuwa kumbukumbu. Sanduku kubwa lisikusumbue pia. Lipe kampuni ya vifurushi pale uwanja wa ndege, litatangulia hotelini. Lebo ya kipaumbele usiing'oe. Wapokezi wa hoteli nao wana macho.

Tokyo hadi Koriyama utapanda Shinkansen, saa moja na nusu hivi. Kaa kimya, usijifanye hujawahi kuona treni ya umeme, wewe uliyekwisha panda mchongoko kwenda Dodoma. Upana wa reli ya Shinkansen ni milimita 1,435, ule ule wa SGR. Koriyama unashuka, unabadilisha treni kwenda Aizu-Wakamatsu, na kuanzia hapo upana unashuka hadi milimita 1,067. Huo ni upana wa TAZARA. Yaani umelivuka bara zima la Asia umelala chali, ili uje ukae juu ya reli yenye vipimo vya Mlimba na Makambako.

Lakini kaa. Reli ya Tadami ina kilomita 135 kutoka Aizu-Wakamatsu hadi Koide, inaambaa na mto, inauvuka, inauvuka tena, na kila daraja majani mekundu na ya njano yanakuja dirishani halafu yanazama kwenye giza la handaki. Kwenye vijiji utaona miti ya tunda liitwalo kaki imebaki na matunda tu, na mengine yamemenywa na kutundikwa kwa kamba chini ya paa ili yakauke. Julai 2011 mafuriko yalibeba madaraja, na kipande cha kilomita 27.6 kikafungwa. Hesabu za biashara zilisema kiachwe hivyo hivyo. Mkoa wa Fukushima ukakubali kuimiliki njia yenyewe katika kipande hicho, kampuni ya reli ibaki na kazi ya kuendesha treni, na Oktoba 1, 2022 treni ikapita tena. Miaka kumi na moja kwa ajili ya treni chache kwa siku. Usiipoteze kwa kulala. Usingizi ulishaulipia kwenye ndege.

Sasa namna ya kupanda. Kwenye treni nyingi za vijijini dereva yuko peke yake, konda hakuna, wala wa kukupigia kelele kwamba mbele kuna nafasi. Treni ikisimama, mlango mara nyingi haufunguki wenyewe. Kuna kitufe, na mgeni hutambulika kwa kusimama mbele ya mlango akiusubiri umheshimu. Bonyeza, ingia kwa mlango wa nyuma, na uchomoe kikaratasi chenye namba kwenye kisanduku kilicho ubavuni. Mbele, juu ya kichwa cha dereva, kuna ubao wa namba na nauli. Tafuta namba yako na utazame. Kila kituo nauli inapanda, bila mjadala, bila "mafuta yamepanda". Ukikaribia kushuka, nenda mbele na utumbukize kikaratasi na sarafu kamili kwenye sanduku la nauli. Huna sarafu? Hapo hapo kuna mashine ya chenji, ila noti ya yen 10,000 haiitambui. Kadi za kugusa unazozitumia Tokyo nazo huku mara nyingi hazina kazi. Hapa ndipo abiria wa daraja la biashara, mwenye noti nne kubwa na nguo za kulalia za ndege ndani ya begi, anasimama mbele ya wanafunzi wa sekondari na bibi mwenye mfuko wa figili, akipekua mifuko. Hakuna atakayemcheka. Afadhali wangecheka.

Simu usipokee. Shangazi akipiga kuuliza kama umekula, mkatie, umwandikie ujumbe ukishuka. Na usichelewe. Novemba 2017 kampuni ya Tsukuba Express iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Kwenye reli ya kijijini treni ikikuacha, inayofuata inaweza kuwa ya jioni, na kituo ni benchi, paa na ratiba.

Kuna jambo moja la heshima ambalo wengi hulikosa. Katika mji wa Mishima, juu ya daraja la kwanza la mto Tadami, kuna mahali pa kupigia picha. Watu hufika kwa magari na kamera ndefu, husubiri treni itokee juu ya maji, hubonyeza na kuondoka. Treni wanaipenda kwa dhati, tiketi hawanunui. Usiwe mmoja wao. Mwaka 2022 kampuni ya reli ya magharibi, JR West, ilitoa hesabu za njia zake zinazoendeshwa kwa hasara, na kwenye reli ya Geibi, kati ya Tojo na Bingo-Ochiai, ilionekana kwamba kuingiza yen 100 kulihitaji matumizi ya yen 25,416, kwa wastani wa miaka ya fedha 2017 hadi 2019. Wewe hapo una sifa kamili za mfadhili. Panda hata kama huna unakokwenda, kwa kuwa kweli huna.

Siku ya mwisho, kabla ya kurudi Narita, nenda Choshi, mkoa wa Chiba, ule ule wa Narita. Kuna kampuni ya reli yenye njia ya kilomita 6.4 tu. Mwaka 2006, ilipokosa fedha za kukagua na kutengeneza treni zake, iliwaomba wananchi wanunue biskuti zake za mchele, zile laini zinazochovywa kwenye mchuzi wa soya. Watu wakanunua, na treni bado zinatembea. Panda mwanzo hadi mwisho, nunua pakiti kadhaa.

Utazihitaji, kwa sababu nyumbani hakuna anayeamini kwamba mtu huenda Japani kutazama majani. Shemeji atafika siku ya pili, atasalimia haraka, kisha atauliza kama ulipita Yokohama kumwangalizia IST. Usimtajie nauli uliyolipa, maana atapiga hesabu papo hapo na ataona gari lake lililala kwenye kiti chako. Mpe biskuti. Ataing'ata, ataitazama, atauliza kama begi lako lililoa njiani. Mwambie ndivyo zinavyouzwa, umpe na pakiti ya watoto.