Jinsi ya Kuwa Mjuzi wa Vitovu vya Pembetatu Njiru kwa Jioni Moja

Ukitaka kuheshimika Njiru, iwe kwenye ploti, kwenye chama au mezani mtoto wa sekondari akifungua kitabu cha hesabu, huhitaji jiometri yote. Pembetatu moja inatosha. Sogea karibu nikuonyeshe.

1. Mtu akitaja katikati ya pembetatu, usikimbilie kujibu. Muulize: "Katikati ya kufanyia nini?" Duara lina katikati moja. Pembetatu inazo nyingi. Mmarekani Clark Kimberling ameorodhesha makumi ya maelfu. Wewe shika nne tu. Swali lako ni la haki kabisa, maana kila kitovu kina kazi yake, na utaonekana msomi kabla hujashika rula.

2. Azima pembetatu ya mafundi. Wao hunyoosha kona ya msingi kwa kamba: tatu, nne, tano. Ikuze iwe kipande cha ploti chenye pande za futi 30, 40 na 50. Sasa tamba.

Tangi kubwa kabisa la mviringo litakaa wapi? Kwenye insenta, pale mistari inayogawa pembe nusu kwa nusu inapokutana. Jumlisha pande mbili fupi, toa ule mrefu, upate 20. Hicho ndicho kipenyo cha tangi, nalo litagusa pande zote tatu. Njia hii ya mkato ni ya pembetatu mraba pekee, kwa hiyo hakikisha kona ni mraba kabla hujafungua mdomo.

Mlingoti wa taa ulio mbali sawa na kona zote? Sakamusenta: katikati ya ule upande wa futi 50, futi 25 kutoka kila kona. Na othosenta, panapokutana vimo vitatu? Ni kona mraba yenyewe. Inyooshee kidole tu, huna haja ya kupima.

3. Sentroidi, kitovu cha nne, iachie watazamaji. Kata pembetatu kwenye katoni, yoyote ile, hata iliyopinda vibaya. Itoboe karibu na ncha moja, itundike kwenye msumari ilegee, ning'iniza timazi ya uzi na nati papo hapo, kisha chora uzi unapopita. Rudia kwa ncha nyingine. Mistari inapokatana, weka ncha ya kalamu chini yake: katoni italala juu ya kalamu, imetulia. Hapo ndipo theluthi mbili ya njia kutoka kila ncha hadi katikati ya upande unaoitazama. Archimedes alithibitisha jambo hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mimi bado husisimka kila katoni inapotulia.

4. Chama kikitaka mahali pa kukutania palipo mbali sawa na Saika, Njiru na Ruai, kataa kwa upole. Sehemu hizo zimepangana kando ya Barabara ya Kangundo, karibu kwenye mstari mmoja. Pembetatu ikilala hivyo, sakamusenta hutoroka nje, mbali na barabara, na wote wataumia sawasawa. Pendekeza Njiru, iliyo kati. Usawa wa umbali si lazima uwe nafuu.

5. Kwenye mtihani, mwambie mtoto asifute mikato ya kompasi aliyochora akitafuta vitovu. Mtahini huitafuta hiyo hiyo.

6. Karata ya mwisho. Unganisha othosenta na sakamusenta kwa rula: sentroidi itakuwa juu ya mstari huo huo, mbali na othosenta mara mbili ya ilivyo mbali na sakamusenta. Aliyegundua hilo ni Leonhard Euler, karne ya 18. Kwenye ploti yetu mstari una futi 25, kutoka kona mraba hadi kwenye mlingoti. Wakikuuliza mbona insenta haimo, jibu bila kusita: hujiunga nao pale tu pembetatu inapokuwa na pande mbili zilizo sawa.