Bafu la Uingereza na Mtu wa Newala

Bafu lililosuguliwa likang'aa na bado linanuka mtaro, mara nyingi halina uchafu, lina kiu. Chini ya kila sinki bomba hupindwa makusudi ili maji kidogo yabaki kwenye kona, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu isipande chumbani. Kona hiyo ilipata hataza London mwaka 1775, mikononi mwa fundi saa Alexander Cumming. Kwenye sinki la kuogea kina cha maji hayo huwa milimita 50 tu. Yakikauka, mtaro na chumba ni kitu kimoja.

Hapo ndipo mtu wa Newala, kusini mwa Tanzania, hupatikana. Kwao mji uko juu ukingoni mwa uwanda, maji yako bondeni. Mradi wa maji wa Makonde ulianza kuyapandisha kwa pampu miaka ya 1950, lakini tabia ya kuhesabu ndoo haikuondoka. Aliyelelewa hivyo akifika Uingereza huoga kwa kopo, amesimama ndani ya beseni, kisha maji ya beseni humwagilia mgomba. Na pasipo mgomba, humwagilia ua la mwenye nyumba, hata likiwa la plastiki. Bafu la wageni halifunguliwi bomba mwezi mzima, na kona yake hukauka. Dawa yake ni kumwaga kikombe cha maji kwenye tundu kila wiki, maji safi, bure kabisa, habari ambayo ni afadhali bibi aliyeko Newala asipigiwe simu kuelezwa.

Maji yakisuasua, wa kushukiwa ni nywele. Rasta za bandia haziozi. Hunasa sabuni na kila kinachopita. Mafuta ya nazi huzidisha balaa: huko Masasi, jirani na Newala, hukaa majimaji ndani ya chupa, lakini yakipoa chini ya nyuzi 24 huganda, na bomba la Uingereza mwezi Januari halijui nyuzi 24. Waya uliokunjwa ncha huvuta fungu zima kama panya aliyelowa. Ukitumika mpira wa kuzibulia, lile tundu dogo la juu linalozuia sinki lisifurike lizibwe kwanza kwa kitambaa kibichi, la sivyo nguvu yote hutokea huko. Ikishindikana, kona hufunguliwa kwa mkono, ndoo ikiwa chini yake. Ndoo hiyo isimwagwe kwenye sinki lilelile lililofunguliwa bomba. Wapo waliomwaga, na miguu yao ikapata habari kabla ya kichwa.

Dawa za kuzibulia zina ukali wake. Jiki ikichanganywa na dawa yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na hiyo haizibui bomba, hukaba mapafu.

Sinki likikoroma wakati choo kinavutwa, bomba linatafuta hewa: njia ya hewa imeziba, na mvuto hunyonya maji ya kwenye kona hadi harufu irudi. Choo kikivutwa na maji yakaibukia kwenye sinki la kuogea, waya wa nyumbani haufiki huko. Bomba kubwa limeziba. Ni vyema kubisha hodi kwa jirani na kuuliza kama kwake nako kumeziba, pengine salamu pekee atakayoijibu kwa shauku mwaka huo. Nako kukiwa kumeziba, mkoba usifunguliwe upesi: tangu tarehe 1 Oktoba 2011, England na Wales, mabomba mengi ya maji taka yanayotumiwa na nyumba zaidi ya moja ni mali ya kampuni ya maji, nayo ndiyo huyazibua.

Naye anayejenga choo cha ndani huko nyumbani, Masasi au Newala, amdai fundi mambo matatu kabla zege halijamwagwa: mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 40 za bomba, chemba yenye mfuniko kila bomba linapokata kona, na bomba la hewa lililopita juu ya bati.