Ukitaka Kuchukiwa, Lipa Deni Mapema

Nchi hii ina uvumilivu kwa kila aina ya mtu. Mlevi tunamsindikiza hadi mlangoni kwake, mbea tunamkaribisha chai, na fundi aliyekula hela ya mlango tunaendelea kumwita fundi. Mtu mmoja tu ametushinda: yule anayelipa deni kabla ya tarehe yake. Huyo kila anakopita anaulizwa kama anaumwa, kama anahama, au kama ameokoka.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu ndiyo kazi tunayoifanya siku hizi, mimi na mama Asha. Tulichukua mkopo wa nyumba wa shilingi milioni 60, wa miaka 15, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Rejesho ni shilingi 881,000 na ushee kila mwezi. Siku ya kusaini, afisa mikopo alitutabasamia mpaka magego yakaonekana, na jedwali la marejesho ndilo lililotueleza furaha ile ilitoka wapi. Katika rejesho la kwanza, shilingi 800,000 ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa elfu 81. Kwa bei ya tofali za huku kwetu Mbezi, hizo ni tofali zisizofika hamsini, hazitoshi hata choo cha nje. Ukienda hivyo hivyo bila kushtuka hadi mwisho, utakuwa umelipa zaidi ya milioni 158. Maana yake umeinunulia benki nyumba moja na nusu, na chenji umeiachia.

Shemeji yangu, kaka yake mama Asha, haya mambo yanamfurahisha kupita kiasi. Yeye anajenga Chanika, na alianza kabla hata sijatoa posa. Alinunua kiwanja, akapumzika. Akamwaga msingi, akapumzika. Boma likasimama, mbuzi wa jirani wakahamia kabla yake. Mwaka jana amepaua upande mmoja, upande wa pili anaulizia bei ya mabati. Lakini hadaiwi na mtu, na hilo atakukumbusha kabla hujamaliza kuitikia salamu.

"Shemeji," huniambia, "mimi nina pagale langu. Wewe ni mpangaji wa benki."

Nami sina jibu, kwa sababu nchi nzima imejengwa kwa mtindo wake. Tulikuwa na benki ya nyumba ya taifa, ikafungwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi baada ya hapo mtu mwenye shida ya nyumba alitafuta lori la mchanga, hakutafuta mkopo. Ndipo ikaja sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu ili nazo zitukopeshe sisi. Tukakopeshwa. Mpaka leo, ukisema mtaani kwamba nyumba yako ni ya mkopo wa benki, watu wanakupa pole kwanza, halafu wanauliza idadi ya vyumba.

Mama Asha ndiye aliyeanzisha hii vita. Anafundisha hesabu sekondari, na mwalimu wa hesabu hapaswi kuachwa peke yake na jedwali la marejesho. Usiku mmoja alifungua kaunta buku, akapiga mistari kwa rula, akaniita mezani.

"Baba Asha, tukiongeza laki moja na nusu kila mwezi, tunamaliza kwa miaka tisa na miezi mitano badala ya kumi na tano. Tunaokoa zaidi ya milioni 40."

Nikamuuliza hiyo laki na nusu inatoka wapi. Akanitazama juu ya miwani, macho yakashuka taratibu mpaka kwenye kitambi changu, yakatulia pale.

Tangu hapo kaunta buku linakaa juu ya friji, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipate kisingizio cha kupotea. Bia zimeandikwa humo. Kitimoto cha Ijumaa kimeandikwa, na pembeni yake kuna neno moja kwa wino mwekundu: "Kwaheri." King'amuzi kimeshushwa mpaka kifurushi cha chini kabisa, chenye taarifa ya habari, mahubiri, na mpira wa wanawake wa nchi nisiyoijua. Mafuta ya kula sasa hayamiminwi, yanapimwa kwa kifuniko cha chupa: vifuniko viwili mboga, kimoja mayai. Siku moja nilimimina kwa macho, kama baba yangu alivyokuwa akimimina, na mtoto wangu wa kuzaa mwenyewe akapiga kelele, "Mamaa! Baba anamwaga nyumba!"

Umeme nao una maudhi yake. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi ukinunua umeme unapata uniti pungufu na heshima ya kuwa mwenye nyumba. Nimewahi kuhoji kwa sauti, nikiwa peke yangu mbele ya mita, kwa nini hati ikae benki na kodi ikae kwangu. Mita haikujibu, ilihesabu tu.

Tukaanza na madeni madogo, ili tupate nguvu ya kumkabili mkubwa. La kwanza lilikuwa daftari la Mangi hapo kona. Nililipa lote kwa mpigo: mchele, sukari, sabuni, na soda ambazo watoto walikuwa wakichukua kwa jina langu. Nilitegemea Mangi afurahi. Alihesabu zile noti, akazihesabu tena, kisha akafunga daftari akanishika mkono.

"Baba Asha, unahama?"

"Sihami."

"Basi kuna kitu nimekukosea. Sema tu, tuyamalize."

Nikamweleza kwamba tunalipa madeni. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za msiba. Mangi anajua biashara kuliko sisi wote: mteja anayedaiwa atarudi, hata kama bei imepanda, hata kama mchele una mawe. Mteja asiyedaiwa ana miguu, anaweza kuvuka barabara akanunue kwa mwenzake. Tangu siku hiyo ananihudumia kwa adabu iliyopitiliza, ananiita "mheshimiwa", na kila nikiondoka ananikumbusha kwamba ukurasa wangu bado upo.

Mkopo wa simu nao niliulipa kabla ya siku yake. Dakika hiyo hiyo ikaingia meseji: hongera, kiwango chako cha kukopa kimeongezwa. Yaani unajitoa shimoni, na mwenye shimo anakupongeza kwa kukuchimbia lingine refu zaidi.

Lakini heri mimi. Jirani yetu wa nyumba ya pili yuko kwenye mikopo ile ya kausha damu, ya marejesho ya kila wiki. Siku ya rejesho anakuja kwetu asubuhi na mapema kusalimia, na viatu anavivua ndani, haviachi mlangoni. Anakunywa chai, anasifia mapazia, anauliza maendeleo ya watoto shuleni, na kila pikipiki ikipita anashusha sauti. Watoza marejesho wale wakikukosa, macho yao hayatafuti pesa tena, yanatafuta televisheni. Mama Asha humwongezea chai bila kuuliza, na hiyo sukari, nimechungulia, haiandikwi kwenye kaunta buku.

Makato ya mkopo wa chuo yalikuwa yamenizoea tangu ajira ya kwanza. Tangu mwaka 2016 sheria inataka asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipofutwa mwaka 2021, nilinunua soda ofisini kwa waliokuwepo. Lile nalo likaisha, na la SACCOS ya kazini likafuata. Tukabaki na benki.

Sasa sikiliza namna benki inavyopokea pesa. Ukitaka kukopa, watakufuata kazini kwako, watakuwekea hema chini ya mwembe, watakupa na kalamu yenye nembo. Ukitaka kulipa zaidi ya unachodaiwa mwezi huo, unaandika barua. Nikapanga foleni nikiwa na laki na nusu yangu mfukoni. Yule dada wa dirishani aliponisikia, akaita mwenzake. Mwenzake akaniangalia usoni kwa huruma.

"Mzee, kuna tatizo lolote kwenye mkopo?"

"Hakuna. Nataka kupunguza deni."

"Mbona hujachelewa?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Wakanipeleka kwa afisa mikopo, yule yule wa magego. Safari hii hakuonyesha hata jino moja. Akanieleza kwamba niandike barua ya kuomba, na kwamba nikitaka kumaliza mkopo wote kwa mkupuo kuna tozo ya kulipa kabla ya muda, ipo kwenye mkataba, ukurasa wa nyuma, kwa maandishi ya saizi ya mayai ya chawa. Mama Asha alikuwa amenipa maelekezo makali, na kama na wewe una mkopo wa namna hii yashike: kwenye barua andika waziwazi kwamba nyongeza ipunguze deni la msingi. Usipoandika, hela yako italala kwenye akaunti ikingoja rejesho la mwezi ujao, na riba itaendelea kuhesabiwa juu ya deni lile lile. Nikaandika, nikapiga mstari chini ya "deni la msingi", nikadai nakala igongwe muhuri. Muhuri ulikuwa kwa mtu aliyekwenda kula.

Nikiwa namngoja, nikamuuliza afisa habari za Benki Kuu. Mwaka 2024 walianza kutangaza riba yao, wakaanza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6, na Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Mimi hufuatilia matangazo hayo kwa makini kuliko ligi kuu. Je, ya juu ikishuka, yangu ya 16 inashuka lini? Akaniambia ile ni riba ya wao kwa wao, na ya kwangu haibadiliki. Nikanyamaza. Ndoa za siku hizi hazidumu, mabati hayadumu, hata viatu vya shule havimalizi muhula. Riba yangu imekuwa kitu pekee cha kudumu nilichowahi kununua.

Hata hivyo, benki bado ni adui mwepesi. Kuna kamati za harusi. Ukiingizwa kwenye kundi la WhatsApp usiku, asubuhi unakuta jina lako limeshaandikwa ahadi. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya mtoto wa binamu. Mwenyekiti akanipigia mwenyewe.

"Kaka, tumekuweka dabo. Laki moja na nusu tu."

Laki moja na nusu! Pesa ile ile, kwa hesabu ile ile, kana kwamba wamechungulia juu ya friji.

"Mwenyekiti, mimi nina mkopo."

"Kaka, nani hana mkopo?"

"Mimi wa kwangu naulipa."

Kimya kikatanda kwenye simu mpaka nikadhani salio lake limekata. Tangu hapo nasemwa kwamba nimekuwa mchoyo. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, lakini wahenga hawakuwahi kukutana na kamati yenye mweka hazina, mshereheshaji na keki ya ghorofa. Mwishoni nilitoa elfu 50, ya mtu mmoja, na mama Asha akabaki nyumbani. Niliporudi nikamkuta anaongeza mstari kwenye kaunta buku, bila kuniuliza walipika nini.

Kinachoniuma zaidi nimekigundua juzi, na ndiyo maana siku hizi nalipa huku nimeangalia nyuma. Nilipomaliza deni la SACCOS ya kazini, nilitegemea watu wanipongeze. Walikuja kweli, wakiwa na fomu. Mtu asiye na deni ndiye anayefaa kuwa mdhamini, na habari za akiba iliyo huru husambaa ofisini upesi kuliko habari za ujauzito. Mmoja anataka kununua pikipiki, mwingine kufuga kuku wa mayai, na mhasibu, anayejua kila kitu, hakusema anataka nini, alinipa kalamu tu. Nilikuwa na amani zaidi nilipokuwa nadaiwa. Sentensi fupi ya "nina mkopo" imenilinda kwa wajomba, kwa mashemeji, na kwa wachungaji wenye paa linalovuja, kuliko geti na mbwa kwa pamoja.

Nikamweleza mama Asha hofu yangu. Akafikiri, akapiga mstari mmoja kwa rula.

"Tukimaliza, tusimwambie mtu. Wewe endelea kukunja uso, mimi nitaendelea kupima mafuta."

Ushauri mzuri, ila umechelewa. Jumapili mjomba alipiga simu kutoka kijijini. Akauliza afya, akauliza mvua, akauliza watoto mmoja mmoja kwa majina, dalili mbaya kabisa.

"Nasikia unakaribia kumaliza, mjomba. Hongera sana. Sasa hiyo hati ikitoka benki, usije ukaifungia kabatini ikaliwa na mende. Mimi nina mpango wa trekta, wananidai dhamana tu."

Nikamwambia benki yetu inajivuta mno kutoa hati, hata ukimaliza deni lote unaweza kuzeeka unaifuatilia. Ni mara ya kwanza kuisifia ile benki mbele ya watu, na naiomba isiniangushe kwa kufanya haraka.