Kifusi Hapa

Baba mdogo alipostaafu aligundua kuwa ukuta kati ya sebule na jiko unamnyima hewa. Mama mdogo alisema hewa ipo, kinachokosekana ni feni. Mafundi wakaitwa, ukuta ukashushwa, jamvi la zege la uani nalo likang'olewa. Magharibi ilipoingia, nyumba yetu ya Tabata ilikuwa na hewa tele na mlima wa kifusi mbele ya geti.

"Kifusi ni mali," alisema baba mdogo, na hapo simpingi. Akachukua chaki, akaandika getini KIFUSI HAPA, akalala akingoja wateja. Tatizo ni kwamba Dar es Salaam maneno hayo huandikwa na wenye viwanja vya bondeni wanaoomba wamwagiwe. Usiku lori likaja, likamwaga, likaondoka. Asubuhi mlima ulikuwa mara mbili, na sasa una vigae vya choo, sinki lililopasuka na vipande vya dari la jipsamu.

Mama mdogo hakusema kitu. Alimpa uji bila sukari.

Nondo ziliondoka kwanza. Vijana wa chuma chakavu hawahitaji bango. Zege lenyewe lilikaa. Dereva wa kirikuu alilizunguka, akatazama springi zake, akataja bei ya kuhamisha ukoo mzima. Alikuwa na haki: meta moja ya ujazo ya zege gumu ina kilo 2,400 hivi.

Baba mdogo akaamua tulivunje tupate kokoto za kumwagia nguzo za baraza. Fundi mzee akakataa katakata. Kokoto za zege kuukuu, alisema, bado zimegandwa na saruji ya zamani, kwa hiyo hunywa maji ya mchanganyiko mpya. Mtu akizidisha maji kuzishibisha, zege linalegea. Chini ya jamvi, sawa, zege kuukuu lipangwe na kushindiliwa. Ila jipsamu itolewe yote, maana ikilowa hulainika, na salfeti yake hula saruji.

Basi tukakaa kuchambua taka za mtu tusiyemjua, baba mdogo akisimamia kutoka kivulini. Zege la kwetu lilirudi chini ya jamvi jipya. La wageni likabaki, hadi jirani wa bondeni alipokuja na toroli. Baba mdogo akaanza kutaja bei. Mama mdogo akampita, akamkabidhi jirani chepe.