Sifa za Meza ya Watu Wanane

Nyumba nyingi za kupanga hapa Wesha, Pemba, humpa mpangaji kuta, bati na ahadi ya maji. Yangu ilinipa na meza. Si kimeza cha kuwekea thamosi. Ni meza ya kulia ya watu wanane, ya uso wa kioo cheusi na miguu iliyochongwa kucha za simba, pamoja na viti vinane ambavyo bado vimo ndani ya nailoni zao za kiwandani. Ilitoka Dubai kwa kontena, zama zile mwenye nyumba, anayeishi Maskati, alipokuwa na nia ya kurudi. Nia hiyo haijafa, na meza ndiyo shahidi wake. Shahidi huyu namlipia kodi pamoja na nyumba, miezi sita mbele, chini ya kifungu kinachosema nyumba ina samani.

Chumba kilichopewa heshima ya kuipokea kina futi nane kwa tisa. Meza ina futi sita kwa tatu na nusu. Mwenye haraka ya hesabu atasema haienei. Imeenea, asubuhi hii nimehakikisha kwa goti. Mafundi wa samani hushauri kati ya ukingo wa meza na ukuta pabaki sentimita 75 walau, ili mlaji avute kiti, akae, na akishiba aweze kuondoka. Kwangu zimebaki 68 ubavuni na 45 kwenye ncha, na humo humo kiti nacho kinataka kukaa. Kwa hiyo hapa kiti hakivutwi. Mtu huingia ubavu, akajipenyeza mpaka akafika, na aliyefika kona ya ndani hatoki mpaka wenziwe wote wa upande wake wamesimama. Zamani wageni wangu walikuwa wakila na kukimbilia sala, soko au mpira. Siku hizi tunazungumza kwa kirefu.

Niseme jambo la sinia, maana wako wanaolitetea bado. Mafundi hao hao humkadiria kila mlaji sentimita 60 za ukingo. Sinia letu la wali lina kipenyo cha sentimita 60 hivi, na mzunguko wake haufiki hata mita mbili. Kitaalamu linatosha watu watatu. Kwetu tulikuwa tukilizunguka saba, goti moja juu, na babu akiwa wa nane ikiwa kuna pweza wa nazi. Leo naona tuliishi katika kosa la hesabu kwa miaka mingi, na hakuna aliyetuambia. Meza imetuambia. Ina nafasi halali nane, nne kati yake zikiwa zinafikika.

Mkeka nao una mapungufu ambayo watu wa Pemba, kwa mapenzi ya ukili, hawataki kuyasema. Bibi hukaa wiki nzima na nyingine akisuka, kisha akaunga, akapamba kwa rangi. Kazi yote hiyo, na mkeka wenyewe huingia chumbani kwapani mwa mtoto! Mkishakula unakung'utwa, unakunjwa, unasimamishwa nyuma ya mlango, na chumba kinarudi kuwa chumba: watoto wakalala humo, mama akashona humo, mgeni wa usiku akatandikiwa humo. Samani gani hiyo? Kitu kinachokubali kuondoka hakiwezi kuheshimiwa.

Meza haikubali. Iliingia kabla madirisha hayajatiwa nondo na mlango haujatiwa fremu, na tangu hapo nyumba imekamilishwa kwa kuizunguka. Majirani wanasimulia kuwa mpangaji aliyenitangulia aliita vijana wa dikoni waje kuitoa. Watu walijaa kama siku ya mchezo wa ng'ombe kule Pujini. Vijana waliingia, wakatoka, wakaingia tena, wakailaza ubavu, wakaisimamisha, mmoja akapendekeza nyundo. Mwisho aliyetoka ni mpangaji.

Mwenye nyumba mwenyewe huulizia afya ya meza kila mwezi, kwa ujumbe wa sauti. "Sheikh wangu, meza ile usiisogeze, wallahi. Ukiisogeza sakafu itaingia alama." Sijaisogeza. Ameniusia pia nisipigilie msumari ukutani, kwa hiyo kazi ya kukipamba chumba imekuwa nyepesi kuliko nilivyohofia. Saa ya ukutani iko juu ya meza. Kalenda iko juu ya meza. Aya ya Kursiyyu niliyonunua Chake Chake, ndani ya fremu ya dhahabu, imeegemezwa juu ya kabati, kwa kuwa juu ya meza haikai, na ni kitu pekee kilichosalimika. Kila chumba cha kulia hutakiwa kiwe na kitu kimoja kinachovuta jicho mara mtu anapoingia. Kwangu huvuta nyonga vilevile.

Juu ya meza inaning'inia taa ya vishanga vya kioo, nayo ya Dubai, iliyoshushwa chini makusudi ili imulike mboga. Tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, masafa ya zaidi ya kilomita 70. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Najua watu wanaosema mradi ule ulikuwa wa kuendeshea mafriji na kuwashia hospitali. Mimi kila ninapoinama kufuta kioo cha meza huukuta umenifikia kwenye paji la uso.

Na kioo lazima kifutwe. Hewa ya bahari ya Wesha ina chumvi, na kioo cheusi hakisitiri. Mti ungeficha, ungenyonya, ungezeeka taratibu. Meza ya mfenesi ya fundi wa hapa ikipata doa la mchuzi hulifanya sehemu ya nafsi yake. Yangu huonyesha kidole cha kila aliyepita tangu Ijumaa. Hata mchwa, ambao kisiwani hapa hawana dharau na mti wowote, walionja mguu mmoja wa simba, wakakuta ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, wakaondoka zao. Umbo limebaki kamili, isipokuwa masika yaliyopita mguu huo ulivimba. Sasa meza inainamia kusini kidogo, na supu huchagua upande.

Nailoni za viti hatujazivua. Mwenye nyumba anasema zinahifadhi ngozi. Zinahifadhi ngozi za aina mbili, ya kiti na ya mgeni, kwa kuwa mwezi wa Februari mtu akikaa humo robo saa hasimami bila kuacha kipande. Tena hupiga kelele kwa kila mtikisiko, hivyo mtoto hawezi kuchukua andazi la pili kwa siri. Mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Chake, nilimvutia kiti cha heshima, yaani nilimwonyesha kilipo. Alikitazama, akasema "Mashaallah, mwanangu, mmepata neema," kisha akatandika kanga yake karibu na mlango wa jikoni na kuomba sahani yake aletewe pale.

Ikiwa hakuna anayelia hapo, wapo wanaouliza ni ya nini. Ni ya pasi. Ni ya vitabu vya chuo vya watoto, nguo zilizoanuliwa, chaja, mizani, mafenesi ya kupewa, risiti za umeme na kawa, ambalo kwa kuwa halifuniki chakula limefunika risiti. Chini yake, msimu wa karafuu, hukaa magunia mawili ya shemeji yangu yakingojea kupelekwa kuuzwa kituoni, na kati ya gunia na gunia hulala mpwa wangu, ambaye anasema hajawahi kuwa na chumba chake kabla ya hapo.

Watu waliotangulia mwambao huu walikuwa na kisingizio. Boriti za mikoko hazikuwapa upana wa kuzidi mita tatu hivi, wakajenga vyumba vyembamba, wakavitandika mikeka na kuviacha wazi katikati. Nenda Ras Mkumbuu, si mbali na hapa kwa ngalawa, ukaone magofu ya msikiti wao na makaburi yao yenye minara. Waliishi bila meza ya watu wanane, na mji ukafa. Sisemi kuwa sababu ni hiyo.

Dini nayo haikupungukiwa. Masimulizi ya hapa yanasema Nabii Khidhri alipokosa cha kuswalia alikifanya kisiwa cha Misali kuwa msala wake, kwa jinsi kilivyoelekea kibla. Mimi sikuhitaji kisiwa. Kibla chetu Pemba ni kaskazini, meza imelazwa kusini kwenda kaskazini, na ule ujia wa sentimita 68 ni upana wa msala mmoja barabara, alimradi viti vya upande huo viwe vimepandishwa juu ya meza. Hupandishwa mara tano kwa siku. Daktari wa Chake ameniambia mgongo wangu ni wa kijana.

Wiki iliyopita mwenye nyumba alileta habari njema. Amepata Sharja kabati la vyombo la milango minne ya kioo, la seti moja na meza, na limeshapakiwa. Anataka kujua kama nafasi ipo. Nimepima. Litakaa vizuri sana ukuta wa kusini, pale ulipo mlango wa jikoni, na nimemjibu alilete.