Muulize Mwaitu: Kilo 23 za Ukambani

Wasomaji wa Kitui na Makueni, mwezi huu hakuna aliyeniandikia kuhusu mume wala mpaka wa shamba. Barua zote zinalia juu ya mabegi. Watoto wa Mutomo, Mbooni na Mwingi mnasafiri, na kila mmoja anataka kufika ugenini akiwa na kitu mkononi. Hilo ni jema, mlifunzwa vyema. Tatizo ni mnachotaka kubeba.

*Mwaitu, naenda Ujerumani kuitembelea familia iliyonilipia karo ya shule ya upili. Baba amenijazia mtungi wa lita tano wa asali, na anasisitiza niubebe mkononi ndani ya ndege usije ukaibwa. Nimwambieje? — Mtoto wa Mfuga Nyuki, Mwingi*

Mwanangu, msalimie baba, kisha umkalishe chini ya mti na umweleze polepole. Askari wa ukaguzi pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haoni asali. Anaona kiowevu. Kwake, chupa ya kiowevu ya kubebwa mkononi haifai kuzidi mililita 100, na mtungi wa baba yako ni chupa hamsini za namna hiyo. Utabaki mezani kwa askari, nawe utapanda ndege ukilia.

Sasa sikia la pili, kwa sababu hata ukiuweka kwenye begi kubwa bado una neno. Umoja wa Ulaya humruhusu msafiri kuingia na kilo 2 za asali kwa matumizi yake. Asali ni nzito kuliko maji. Lita tano zinakaribia kilo saba. Unachoweza kubeba kihalali hakifiki hata lita moja na nusu, na kwa zawadi hiyo ni nyingi. Igawe katika chupa ndogo za plastiki zenye mdomo mpana. Zungushia kila mfuniko utepe, tia chupa ndani ya mfuko, kisha uuvingirishe kwa leso katikati ya nguo. Nguo nyeupe ziweke mbali.

Ichuje pia. Najua nyinyi wa Mwingi mnapenda asali iliyo na vipande vya masega na nyuki wawili watatu walioaga dunia humo. Mjerumani atamhurumia yule nyuki kuliko atakavyofurahia utamu. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kiliwasaidia wafugaji wa Mwingi kupata mahali pa kusafishia na kufungashia asali na kuuza hariri ya mwituni, kwa hivyo huna kisingizio cha kuichujia kwenye kipande cha neti ya mbu.

Waambie wenyeji wako mambo mawili. Kwanza, kwenye baridi yao asali itaganda na kuwa chembechembe. Si sukari aliyotia baba yako. Waiweke chupa kwenye maji ya vuguvugu na itarudi ilivyokuwa. Pili, kama kuna mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, asilambishwe. Kisha waeleze ule mzinga wa gogo uliotundikwa juu ya mgunga, moshi, na baba kupanda usiku. Hadithi hiyo haina kilo.

*Mwaitu, mwanangu yuko London. Shangazi yake anaenda kumwona, nami nimemkaangia kijana kuku wa kienyeji mpaka akakauka kabisa. Shangazi amekataa kumbeba. Si roho mbaya hiyo? — Mama Mwenye Uchungu, Mbooni*

Si roho mbaya, dada yangu, ni akili. Uingereza haikubali nyama wala maziwa kutoka nchi kama yetu ndani ya begi la msafiri, awe kuku mzima au paja moja lililofichwa ndani ya soksi. Huyo kuku angekufa mara ya pili forodhani. Mleni nyinyi wawili leo jioni, mpige picha, mumtumie kijana. Atakasirika, lakini hatatozwa kitu.

Usimbebeshe ndengu pia. Maduka ya Wahindi kule London yamejaa ndengu na mbaazi, na mfuko wake hautamfilisi. Asichokipata ni muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa. Mtilie kilo moja, uliokauka vizuri, na afisa akimuuliza shangazi begi lina nini, ajibu wazi bila kutetemeka. Halafu umkumbushe kijana kwamba muthokoi hauiviki kwa dakika tano za tambi. Kama hana sufuria ya presha, mtumie maombi.

*Mwaitu, jirani yangu hapa Emali amenipa kifurushi nimpelekee binamu yake Leeds. Anasema ni majani ya chai. Kimefungwa kwa majani ya mgomba na kinanukia ubichi. — Msafiri Mwema*

Msafiri Mwema, chai haifungwi hivyo. Miraa imepigwa marufuku Uingereza tangu Juni 2014. Mrudishie kabla jua halijatua.

*Mwaitu, kwaya yetu inaenda Roma. Tumeazimia kumpelekea padri aliyetualika katoni mbili za maembe ya Makueni, aina ya apple, yale mekundu shavuni. Tutafanikiwa? — Sauti ya Tatu, Kibwezi*

Hamtafanikiwa, na msinililie. Tangu Desemba 2019, tunda bichi haliingii Ulaya ndani ya begi bila cheti cha afya ya mimea. Yaliyosamehewa ni matano: nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Ndiyo, durian, lile linalonuka mpaka hoteli zinalikataza. Embe letu halimo.

Adui wetu ni nzi wa matunda. Kenya yenyewe ilisimamisha uuzaji wa maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu yake, na biashara ikafunguliwa tena 2021 baada ya wakulima, wa Makueni wakiwemo, kuhangaika na mitego na usafi wa mashamba. Sasa mnataka kuingiza mabuu ya nzi hao Roma kwa wimbo? Chukueni maembe yaliyokaushwa na kufungwa vizuri. Ni mepesi, hayavuji, na padri anaweza kuyatafuna akisikiliza sauti ya tatu ikitafuta noti.

*Mwaitu, mimi ni afisa wa misitu. Nimechaguliwa kwenda Japani kwa mafunzo ya miezi kadhaa. Mke wangu anasema nimpelekee mkuu wa mafunzo kiti cha Kikamba cha miguu mitatu chenye nakshi ya waya, ili ajue tunamheshimu. Kiti kina kilo tisa. — Mtu wa Miti, Kitui*

Mtu wa Miti, mke wako ana moyo mkubwa na hana mizani. Kiti hicho ni kizuri kupita kiasi, na hapo ndipo palipo na shida. Mjapani anayepokea zawadi hujiona ana wajibu wa kurudisha nyingine. Ukimpa kitu cha thamani kubwa siku ya kwanza umemtwika deni, na huyo mzee wa watu atahangaika kukutafutia cha kulilipa. Mpe kidogo, kilichofungwa kwa karatasi safi, kwa mikono miwili. Akikiweka pembeni bila kukifungua usinune. Wengi hawafungui mbele ya mgeni. Na kama ni vitu vya seti, visiwe vinne. Hesabu hiyo hawaipendi kwenye zawadi.

Lakini wewe una bahati ambayo wengi hawana, nami nashangaa hukuiona. Tangu miaka ya 1980, Wajapani wa shirika lao la maendeleo, JICA, wamekuwa wakishirikiana na taasisi yetu ya utafiti wa misitu, KEFRI, hapohapo Kitui katika kazi ya kupanda miti kwenye ukame. Mwaka 2012 walianza nao mradi mwingine, wa kuboresha mukau wetu, mti unaovumilia kiangazi, ambao mbao zake mchwa huzisusia. Mashamba ya mbegu yako Kitui na Kibwezi. Unaenda kwa watu ambao huenda ofisini mwao kuna aliyekanyaga vumbi la Tiva, hapo Kitui! Basi nenda kwa fundi, umwambie akuchongee vijiko au visahani vitano vya mukau, vidogo, bila tembo, bila simba, bila neno Kenya kuandikwa kwa moto pembeni. Visuguliwe visibaki hata na gome. Ukimkabidhi mkuu wako, mwambie: huu ni ule mti. Hutahitaji kueleza zaidi. Kwa wenzako wa ofisini, peleka kitu kinachogawika, kila mtu na chake: pakiti za chai au njugu zilizofungwa mojamoja. Kule anayesafiri hukumbuka dawati la kila mtu, hata la yule asiyemsalimia.

Kiti mrudishie mke wako. Akikalie.

*Mwaitu, nimepata kazi ya nyumbani Riyadh. Nataka kumpelekea mama mwenye nyumba zawadi ili anipende. Nimenunua sanamu ya mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. — Binti wa Mutomo*

Binti yangu, nitakujibu taratibu. Sanamu iache. Nyumba nyingi za Kiislamu, na hasa huko, hazipendi sanamu za watu wala wanyama, na zawadi yako ingeishia kabatini siku ileile. Peleka chupa ndogo ya asali nzuri, iliyofungwa dukani na yenye lebo. Asali ina heshima kule: sura ya 16 ya Kurani imepewa jina la nyuki, na watu wa Ghuba hulipa fedha nyingi kwa asali ya mkunazi kutoka Yemen. Mama huyo atajua anachokionja. Ongeza kikapu kidogo cha katani cha kuwekea tende. Mjomba akikuomba umpelekee rafiki yake pombe yetu ya kaluvu, hata kikombe kimoja, mwambie Mwaitu amekataa na polisi wa kule watakataa zaidi.

Ila hilo la kukupenda sikubaliani nalo. Zawadi ni adabu ya mgeni, haishiki nafasi ya mkataba. Nakala ya mkataba wako iache kwa mama yako, nyingine uipige picha, na nambari ya ubalozi wa Kenya uikariri kama jina la kijiji chenu. Ukimaliza hayo ndipo ufunge asali.

*Mwaitu, mimi ni mwalimu, naenda Minnesota kwa shule rafiki. Nimeshajipanga: nitanunua shuka za Kimaasai na pete za funguo za simba pale uwanja wa ndege. Pia nina kifaru wa mpingo kutoka Wamunyu. Je, yatosha? — Mwalimu, Wote*

Mwalimu, wewe ndiye umenifanya nivue miwani.

Umetoka Wote. Umepita wanawake wanaosuka viondo wakitembea, wakienda kanisani, wakisubiri matatu. Umefika Nairobi mikono mitupu, ukanunua shuka ya watu wengine kwa dola, na simba aliyetengenezwa mbali sana na simba yeyote. Watoto wa Minnesota wakikuuliza kwenu mnavaaje shuka hiyo, utawaambia nini? Utaanza kuruka?

Nunua viondo. Nunua kwa kikundi cha akina mama, si kwa dalali wa barabarani, na usimkabe mtu bei ya kitu alichokisuka siku nyingi akiwa amekaza nyuzi juu ya paja lake. Chagua vidogo vinavyoingiana, vile vya ndani uvijaze soksi, na hutaona vimechukua nafasi gani. Kagua ukingo: ukiuvuta na nyuzi zikaachana, kirudishe. Kinuse. Katani iliyofungashwa na unyevu huota ukungu kabla hujavuka bahari. Kisha mwombe aliyekisuka ruhusa ya kuandika jina lake na la kijiji chake kwenye kikaratasi, ukifunge mkononi mwa kiondo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, sisi wenyewe tumerudi kubebea nyanya ndani ya viondo, kwa hivyo unapeleka kitu tunachokitumia, si pambo la watalii. Wamarekani watabebea vitabu. Hawajakosea.

Sasa huyo kifaru. Wamunyu iko Machakos, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, lakini ni kwetu. Husimuliwa kwamba Mutisya wa Munge aliutoa ufundi ule kwa Wazaramo, alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha nyumbani, na leo wachongaji Wakamba wako hadi Mombasa, Changamwe, kwenye chama chao cha ushirika cha tangu 1963. Kwa hivyo simdharau kifaru wako. Ninachouliza ni kama kweli ni mpingo. Msugue tumboni kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa kikitoka cheusi, umeuziwa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu, na atawachafua watoto wa watu. Akiwa mpingo halisi, jua kwamba tangu Januari 2017 jamii yote ya miti hiyo imewekwa chini ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kitu kimoja kidogo kilichokamilika hakina tabu, lakini usinunue kundi zima la vifaru. Mwangalie pia kama anadondosha unga laini chini yake, kwani huo ni wadudu, na Marekani haiwataki.

Kwenye fomu ya forodha, tangaza kila kitu cha mti, mmea na chakula. Kutangaza hakulipiwi. Asiyetangaza huweza kutozwa faini ya dola 300 au zaidi, na kwa pesa hizo ungewavalisha viondo darasa zima.

Shuka vaa wewe, kwenye ndege kuna baridi.

Anayetaka jibu mwezi ujao aniandikie anakokwenda, kilo anazoruhusiwa na idadi ya watu atakaowapa. Asipotaja kilo sitamjibu. Na wewe wa Kathonzweni uliyeuliza kama mbuzi aliyechomwa akakatwa vipande vidogo huhesabiwa kuwa nyama: huhesabiwa.