Uniti za Wote, Friji la Mmoja

Binadamu ukitaka kumjua usimwangalie harusini, wala msibani, wala Ijumaa akiwa na kanzu iliyonyooka. Panga naye nyumba yenye LUKU moja. Subiri uniti zibaki tatu, kile kidude cha ukutani kianze kulia, halafu tazama nani anatoka chumbani na nani anapunguza sauti ya redio ili aonekane amelala.

Mimi ni kijana wa Tabata, mpangaji, sina mke, sina mtoto, nina feni. Naitaja hiyo feni mapema kwa sababu ndiyo iliyoniponza, mtaona. Tuko vyumba sita kwenye korido moja, mita moja, na kila chumba kinachanga shilingi 10,000 kwa mwezi. Chumba cha kwanza yuko mzee mstaafu na redio yake. Cha pili ni familia ya watu watano. Cha tatu dada mwenye friji. Cha nne vijana wawili wenye sabufa inayotikisa mpaka vyombo vyangu kabatini. Cha tano ndiyo mimi. Cha sita kuna bwana ambaye hakuna anayejua anafanya kazi gani, ila kila alfajiri anapiga pasi, na kabla ya kupiga pasi anachemsha maji ya kuoga kwa hita, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo.

Sote elfu kumi.

Dalali aliyenileta hapa aliniambia, "Umeme upo, maji yapo, mwenye nyumba mstaarabu." Kwa maneno hayo nikatoa kodi ya miezi sita, 80,000 mara sita, na 80,000 nyingine ikaenda kwake kwa kazi ngumu ya kunionyesha mlango. Siwezi kumshitaki, hakudanganya. Umeme upo kweli. Sikumuuliza anautumia nani.

Sasa tupige hesabu, maana ujana wangu wote siku hizi unaishia kwenye hesabu hizi. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima kinakula uniti moja. Feni yangu ni ya wati 60. Nikiiwasha usiku kucha, saa nane, inakula karibu nusu uniti. Hita ya ndoo ya wati 1,500, kwa dakika 20 tu, nayo imeshamaliza nusu uniti. Kwa hiyo bwana wa chumba cha sita anaoga usingizi wangu wa usiku mzima. Na nauliza kwa heshima zote: Dar es Salaam hii, joto hili, maji ya moto ya nini? Bombani kwenyewe yanatoka ya uvuguvugu.

Simu je? Simu ya kawaida ukiichaji kila usiku mwezi mzima haifikishi hata uniti moja. Lakini baba mwenye nyumba ana msimamo wake, na hauyumbi: simu ndizo zinazomaliza umeme. Akipita koridoni akaona chaja imechomekwa, anatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha ya mapafu mabaya. Pasi inanguruma chumba cha sita, yeye anahangaika na chaja.

Kinachoniuma zaidi ni bei. Kwenye bei za umeme kuna kundi la watumiaji wadogo, linaitwa D1, kwa mteja ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Huyo uniti yake ni shilingi 100, ukiweka VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inafika 122. Ukipita hapo unahamia kwa wakubwa, shilingi 292, na ukiweka makato yaleyale uniti inakuwa 356 na ushee. Nyumba yetu kwa michango yetu, ukishatoa kodi ya jengo nitakayoifikia, inanunua uniti kama 164 kwa mwezi. Gawanya kwa sita: kila chumba uniti 27. Yaani kila mmoja wetu peke yake ni mtumiaji mdogo kabisa, wa kuhurumiwa. Angekuwa na mita yake, uniti hizo 27 zingemgharimu kama shilingi 3,300. Lakini tumerundikwa kwenye mita moja, na kwa macho ya mita sisi ni tajiri mmoja anayeishi Masaki na majokofu yake. Elfu kumi inatutoka kwa sababu ya kuwa maskini kwa pamoja.

Turudi kwa dada wa chumba cha tatu. Friji lake si la kuhifadhia mboga. Ni kiwanda. Anatengeneza barafu za ubuyu na za ukwaju, kwenye vile vifuko vyembamba, na watoto wote wa shule ya msingi ya jirani wanapita kwetu saa saba mchana. Wanagonga geti hata siku za Jumamosi. Biashara ni yake, umeme ni wetu. Nimelisema hilo kikaoni, mbele yake, bila kupepesa macho. Jioni yake akaniletea barafu mbili kwenye sahani, "Kaka, onja hizi, nimebadilisha sukari." Najua kabisa ni rushwa. Ila zile za ukwaju anazipatia sana.

Halafu, tuseme ukweli, bila friji lile tungekuwa tunaishi gizani. Uniti zikiisha saa mbili usiku, nyumba nzima inanyamaza. Hakuna anayetoka. Kila mtu ana elfu mbili yake kwenye simu na kila mtu anajua mwenzake anayo. Ni mashindano ya subira. Mzee wa chumba cha kwanza ana betri kwenye redio, yeye hashindiki. Familia ya chumba cha pili wamewasha mshumaa na watoto wanacheza vivuli ukutani, wanafurahi hata. Vijana wa sabufa wametoka zao kijiweni. Mimi nimelala chali natoka jasho, nawaza mambo ya maana. Mwenye barafu ndiye mnyonge wetu, kwa sababu mtaji wake unayeyuka. Tunasikiliza. Mwisho mlango wa chumba cha tatu unafunguliwa kwa kishindo:

"Nyumba ya wanaume sita, hakuna hata mmoja mwenye elfu mbili!"

Kimya. Wanaume sita hatupo.

Ananunua, anabonyeza zile namba 20 huku akitusema, taa zinawaka. Hapo ndipo milango yote inafunguliwa kwa pamoja, kila mmoja na uso wa mtu aliyeshtuliwa usingizini, tunaulizana, "Ahaa, umeme umerudi?" Kana kwamba ulikuwa umekatika mtaa mzima.

Kuna siku moja tu mchezo huu hauchezwi, nayo ni siku ya Simba na Yanga. Mwaka jana uniti ziliisha mpira ukiendelea. Wakanunua watu wanne kwa mpigo, bila kuulizana, mpaka wakagombania kidude cha kuingizia namba. Usiku ule hata washabiki wa Simba walikuwa Wananchi. Tulikaa muda mrefu bila mtu kuchangishwa, na nikajifunza kwamba hela huwa zipo.

Mara nyingine tuliyoshirikiana vizuri ilikuwa 2024, wakati mita za LUKU zilipotakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba. Ukinunua umeme unapewa makundi matatu ya namba, kila kundi tarakimu 20. Mzee wa chumba cha kwanza akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa zamani, mtoto wa chumba cha pili akabonyeza, sisi wengine tukasimamia. Ilipokubali tulipiga makofi. Kisha tukarudi kwenye kununiana.

Nimesahau kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa humohumo kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Jengo ni la baba mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa hiyo kila mwaka tunachanga shilingi 18,000 kuilipia kodi nyumba ambayo haturuhusiwi kupigilia hata msumari wa kutundikia kioo. Nikamfuata, kwa adabu zote nilizolelewa nazo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unasemaje?"

"Baba, ile elfu moja mia tano ya kila mwezi, ya jengo, tulikuwa tunaomba uturudishie kwenye kodi ya chumba."

"Ile si ya serikali?"

"Ndiyo baba."

"Basi wadai serikali. Mimi mbona umenikuta nimetulia?"

Nikaaga. Ni kweli alikuwa ametulia.

Kelele za mchango zilipozidi, akaitisha kikao uani, Jumapili baada ya chakula. Vijana wa sabufa wakapendekeza tuchange kwa idadi ya vichwa. Mama wa chumba cha pili akaruka: "Watoto wangu wanalala saa mbili, mnataka niwalipie umeme wa ndotoni?" Mzee mstaafu akasema enzi zao walisomea koroboi na wakatoka wahasibu. Hakuulizwa. Dada wa friji akasema friji lake ni dogo, linajizima lenyewe. Bwana wa chumba cha sita hakusema kitu. Alikaa mguu juu ya mguu, na suruali yake ilikuwa na mkunjo ambao ungeweza kukata nyanya.

Baba mwenye nyumba akatoa hukumu: tutachanga kwa vifaa. Kila mwenye kifaa kikubwa ataongeza 2,000, na ukaguzi ni Jumamosi inayofuata, asubuhi.

Usimpe Mtanzania taarifa ya ukaguzi wiki nzima kabla. Ijumaa usiku korido ilikuwa na pilikapilika za mizigo kama Magufuli stendi wakati wa sikukuu. Asubuhi baba mwenye nyumba akapita na daftari na kalamu sikioni. Chumba cha pili: televisheni imefunikwa kitambaa, "mbovu hiyo baba, tunasubiri fundi." Cha tatu: friji limechomolewa, mlango wazi, ndani kuna viatu. Viatu! Cha nne: sabufa "ya mdogo wetu, yupo safarini, hatuigusi." Cha sita: hakuna hita, hakuna pasi, ingawa shati alilovaa lilikuwa bado la moto. "Mimi natumia pasi ya mkaa," akasema bila aibu, na mkaa wenyewe hajawahi kuushika.

Wakaja kwangu. Feni ya kusimama, ndefu kuliko mimi. Ningeificha wapi? Chini ya kitanda haiingii, na kuipeleka kwa rafiki ni kulala bila hewa. Ikaandikwa. Ndicho kifaa pekee kilichoandikwa siku ile. Tangu hapo mimi nalipa 12,000 na wengine wote 10,000, na dada wa chumba cha tatu alinipa pole na barafu moja. Moja, safari hii, maana kesi imeisha.

Majuzi akaja mjomba kutoka kijijini kwetu, Kilosa. Umeme wa REA ulipofika kwao alivuta, ana taa tatu, redio na simu. Basi akanikuta katikati ya mashindano ya subira, korido giza.

"Mjomba, kumekatika?"

"Hapana mjomba. Umeisha."

"Umeisha? Hapa Dar?" Akakaa kitandani. Mjomba wangu anafuatilia taarifa ya habari kuliko wabunge. "Lile Bwawa la Mwalimu Nyerere si wamesema megawati 2,115? Mitambo tisa? Sasa imezima yote?"

"Inafanya kazi mjomba. Ni sisi ndiyo hatujachanga."

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema yeye ananunua wa elfu mbili na unakaa mpaka anasahau karatasi yenye namba ya mita aliiweka wapi. Nikapiga hesabu kichwani: kwa 122, elfu mbili ni uniti 16. Kwetu ni tano na nusu. Mjomba, mwenye jembe na redio, ana umeme kunizidi mimi mwenye diploma. Akachomoa noti ya elfu mbili, "Haya kanunue, nione ninachokula." Nikaipokea kwa mikono miwili, ila nikachelewa kidogo kutoka. Nilikuwa nasikilizia kwanza mlango wa chumba cha tatu.

Wenye nyumba, nawaomba. Mjini, kwa nyumba iliyo karibu na nguzo, kuvuta umeme ni shilingi 320,960. Hiyo ni kodi ya chumba changu ya miezi minne tu, nanyi mnachukua ya sita kwa mkupuo. Kama kila chumba mita yake ni ndoto, basi wekeni sabmita, walau tujue anayekula ni nani. Na kodi ya jengo lipeni wenyewe, majengo ni yenu.

Na wewe msomaji, ukisikia chumba chenye LUKU yake, kuanzia Tabata mpaka Kinyerezi, kisichozidi 80,000, nitafute hata usiku wa manane. Dalali usimwambie.